Mwalimu wa Kufunua Vyungu

Mwalimu hajui kubisha hodi mlangoni. Miaka yote niliyomjua hapo Kashojwa, kijiji cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alikuwa anaingia kwa watu kupitia jikoni, na kabla hajasalimu, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kifuniko cha chungu. Anafunua, anainama, mvuke unamjaa kwenye miwani, anaifuta kwa pindo la shati, anainama tena. Ndipo anauliza habari za asubuhi. Ukimjibu kwamba ni nzuri hakusikii, maana ameshahamia kwenye mambo ya chungu.

"Mama Neema, mu hii chungu chuma iko fasi gani?"

"Mwalimu, ni maharage tu."

"Njo nakuuliza. Maharage iko na chuma, lakini imejificha. Tomati iko wapi? Ndimu iko wapi? Unapikia batoto chakula ama unabapikia moshi?"

Nasema ukweli, mara nyingi nilitamani kumchapa na mwiko. Mimi ni mwanamke wa biashara, nauza ndagala soko la Base Camp, hizi dagaa ambazo Waganda wanaziita mukene, na asubuhi yangu haina nafasi ya mtihani. Lakini nilikuwa nampenda yule mzee, na bado nampenda, na ndiyo sababu naandika haya nikiwa nainuka kila mara kwenda kuangalia simu.

Sasa hivi yuko Mbarara, mtaa wa Kakiika, kwa binti yake Riziki. Figo zake zimechoka. Daktari alimwambia waziwazi: akila anavyoelekezwa, anaweza kuishi muda mrefu kabla ya kuhitaji kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, akila anavyopenda, moyo unaweza kusimama siku yoyote bila hata kumuaga. Na vile alivyokatazwa ndivyo hasa alivyotulazimisha sisi kula miaka yote. Atatii? Hilo ndilo swali, na mimi ninayemjua kichwa chake kilivyo kigumu silali vizuri.

Hakuwa mtu wa kukaa. Kwao Kivu ya Kusini, Congo, alifundisha biolojia shule ya sekondari, na nadhani hata huko alifundisha akitembea, maana ukimpa kiti anakishika mgongo, anakisukuma mbele na nyuma huku anaongea, kisha anakiacha na kuondoka bila kukikalia. Nakivale hakupewa darasa. Basi akakifanya kijiji kizima kuwa darasa. Asubuhi yuko kwa Warundi upande wa juu, mchana yuko kliniki ya Base Camp anabishana na wauguzi, jioni yuko mbele ya meza yangu anageuza ndagala zangu kama askari anayepekua mzigo. Hakuna aliyemtuma. Mashirika yalikuwa na watu wao wa lishe, wenye fulana na mabango, na hao wenyewe walimkimbia, kwa kuwa akikuta somo linaendelea anasimama nyuma na kuwamalizia sentensi zao.

Alikuwa na namna yake ya kusema juu ya madini ya chakula. Aliyasema kama watu wa kijiji kimoja, wenye tabia zao na ugomvi wao. Chuma ndiye anayebeba hewa ndani ya damu, kazi ngumu, na ni mtu wa kununa. Yeye na chai hawasemeshani. Wakikutana tumboni, chuma anaondoka bila kuingia mwilini. Lakini na ndimu wanapendana kama mtu na shemeji yake. Kalsiomu anashika mifupa na meno, ni mzito, hana maneno. Zinki anafunga vidonda na kurefusha watoto. Yode anaamsha akili ya mtoto tangu akiwa tumboni. Na potasiomu, alisema akijigonga kifuani, "huyu njo anapiga ngoma ya moyo." Watoto wetu walijua nani anamchukia nani miongoni mwa madini kabla hawajajua majina ya mawaziri wa Uganda. Mtoto wangu wa pili aliwahi kukataa chai mezani kwa mchungaji kwa sababu alikuwa amekula maharage, akaeleza sababu mbele ya wageni wote, nami nikatamani ardhi ipasuke.

Chumvi ndiyo iliyomkosesha raha kuliko vyote. Milimani kwao aliona shingo zilizovimba, rovu kubwa kwa wanawake vijana kabisa, na watoto waliozaliwa hawasikii wala hawasemi, na watu wakisema ni laana ya ukoo. Hakupenda kulieleza jambo hilo. Mara moja tu nilimuuliza, akasema, "Ilikuwa chumvi. Bantu bote bale, Mama Neema, ilikuwa chumvi tu," akainuka akaenda zake, na siku ile hakufunua chungu cha mtu.

Kashojwa wakati wa mvua chumvi inalowa. Sisi tulikuwa tunaianika juu ya bati, kila mtu mbele ya nyumba yake, jua likitoka. Kumbe yode, ambayo hutiwa kwenye chumvi na matangazo ya afya huiita madini joto, haivumilii jua wala unyevu wala kukaa wazi karibu na moshi. Inaondoka taratibu na kukuachia ladha peke yake. Mwalimu akiona bati jeupe kwa chumvi anakimbia. Nasema anakimbia, mzee wa magoti mabovu. Siku moja alifunika chumvi ya jirani yangu kwa koti lake, akaingia kwa watu wengine kuhubiri, mvua ikarudi, chumvi yote ikayeyukia kwenye koti. Koti lilipokauka likawa gumu kama ngozi ya mbuzi. Jirani akadai chumvi yake, naye Mwalimu, mtu aliyesoma, akamwambia alambe koti. Hawakusalimiana hadi Pasaka.

Kuna siku alinisindikiza Mbarara kununua mzigo kwa Hajji, muuzaji wangu wa jumla wa ndagala na chumvi. Tukakuta magunia ya chumvi yamewekwa nje, midomo wazi, jua linawaka. Mwalimu hakuuliza. Alikumbatia gunia la kwanza akaanza kuliburuta kuingia dukani, huku anatweta na miwani imemteremka puani. Hajji akatoka nyuma ya kaunta na tasbihi mkononi.

"Wewe mzee! Wapi unapeleka mali yangu?"

"Kwenye kivuli! Hii chumvi unaiua, Hajji. Bantu batakula nini?"

"Bantu gani? Hii hapana ya watu, ssebo. Hii ya ng'ombe!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hajji naye alicheka, akamletea soda, na Mwalimu akainywa amesimama, anatazama yale magunia. Kisha akauliza ng'ombe gani. Hajji akasema ng'ombe za Wanyankole, na pia watu wa kambini wananunua, wanasema ni bei nafuu na mabonge yake yanakaa muda mrefu. Mwalimu akaweka soda chini kabla haijaisha. Maana yake ni kwamba nyumba nyingi za Kashojwa zilikuwa zinapikia chumvi ya kulambwa na ng'ombe, ambayo hakuna aliyejali kuitia yode kwa ajili ya shingo za watu. Njia nzima ya kurudi alikuwa anahesabu majirani kwa vidole. Wiki iliyofuata alizunguka jiko kwa jiko, anatafuta mabonge, na Hajji, ambaye angeweza kukasirika, akaanza kuwauliza wateja wake kutoka Nakivale, "Hii unapatia nani? Ng'ombe ama mama?"

Ya ndagala yaliniletea maneno. Wanawake wetu wengi wanakata vichwa vya ndagala kwa sababu ni vichungu, wanatupa, wanapika miili tu. Mwalimu akisikia hivyo anashika kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili. Mfupa ule mdogo, alisema, ndimo kalsiomu ilimo, na mtoto asiye na ng'ombe ataipata wapi? Akawa anasimama sokoni mbele ya meza yangu, anatafuna ndagala nzima kavu, kichwa na macho na mkia, mbele ya wateja, kuonyesha kwamba haumi. Biashara yangu ikapanda. Basi ikasemwa kwamba Mwalimu anakula kwangu, kwamba nimempa kitu, na wengine wakasema zaidi ya hayo, maana mimi ni mjane. Nilimwambia. Alifikiri kidogo, akasema, "Banasema ninakula kwako? Ni kweli, niko nakula ndagala. Sasa shida iko wapi?" Hakuelewa, au alielewa na hakuona sababu ya kusimamisha somo.

Kabla sijafiwa na mume, nikiwa na mimba ya Neema, nilikuwa nakula udongo. Ule mweupe, unauzwa vipandevipande, una harufu ya mvua ya kwanza. Nilikuwa nauficha chini ya beseni la ndagala, na sikuweza kukaa bila huo, mkono unakwenda wenyewe. Mwalimu akageuza ndagala zangu kama kawaida yake, akaukuta. Nilingoja kelele. Soko lote lilikuwa pale na niliona aibu imenipanda hadi masikioni. Yeye akaufunika tena taratibu, akainama, akaniambia kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Hii haiko aibu. Mwili wako unatafuta chuma, lakini umegonga kwa nyumba ya jirani. Funga meza. Twende."

Tulikwenda kliniki kwa miguu, yeye mbele. Wakapima damu, ikawa ndogo sana, na muuguzi akauliza nilikuwa nawezaje kubeba beseni. Wakanipa vidonge vya madini ya chuma. Nilipoviona vinanigeuza choo kuwa cheusi niliogopa, nikavitupa nyuma ya nyumba. Mwalimu akajua, sijui kwa njia gani. Akaja, akasimama mlangoni kwangu, mara ya pekee namkumbuka mlangoni, akanieleza kwamba ule weusi ni chuma kilichobaki bila kuchukuliwa na mwili, na kwamba nikizaa na damu ile ndogo, kutokwa damu kidogo tu kunatosha kunipeleka. Alisema hivyo hivyo, kunipeleka. Halafu kila asubuhi akawa anapita na ndimu moja, ananiangalia nikimeza, anaondoka. Neema alizaliwa na mimi nikabaki. Anasoma sasa, anakimbia kuliko wavulana wa mtaa, na hamwiti Mwalimu, anamwita Babu Ndimu.

Na mtu huyohuyo alikuwa anakunywa chai na maharage. Chai nzito, nyekundu, kikombe kikubwa, katikati ya chakula, mbele ya wanafunzi wake. Nikimwambia, ananijibu kwamba yeye ni mwanaume mzee, hatoi damu kila mwezi wala hanyonyeshi, kwa hiyo ugomvi wa chuma na chai hapo kwake umeshapatanishwa. Alikuwa na majibu ya namna hiyo kwa kila kitu kilichomhusu. Alituambia tupime damu, yeye hakupimwa kitu. Alituambia tunywe maji, yeye alisahau hadi midomo ikapasuka. Alikuwa mkali kwa mama aliyemwaga maji ya mboga, anapiga kelele kwamba potasiomu yote imeenda kwa udongo, na akikuta hayajamwagwa bado anayachota kwa kikombe na kuyanywa yeye mwenyewe, moto, na mchanga wake. Sisi tuliyaita divai ya Mwalimu.

Halafu kulikuwa na vidonge. Magoti yalikuwa yanamuuma siku zote, na mtu wa magoti mabovu anayetaka kuzunguka vijiji vyote vya Nakivale lazima apate kitu. Alinunua vidonge vya maumivu dukani, vile vya rangi rangi vinavyouzwa kwenye karatasi ndogo, anavimeza asubuhi na mchana kama karanga. Miaka. Niliona, sote tuliona, na hakuna aliyefikiri. Hata yeye, aliyejua kilichomo ndani ya kila chungu cha Kashojwa, hakuwahi kuuliza kilichomo ndani ya vile vidonge. Baadaye daktari alimuuliza amekuwa akimeza nini, na alipotaja, daktari akasema kwamba dawa za namna ile zikizoeleka hivyo zinaweza kuziua figo kimya kimya, na kwake ndivyo anavyoona imekuwa. Hilo likinijia nikiwa na kazi mkononi, naiacha. Linanichoma hadi leo.

Alianza kuvaa buti za mvua wakati wa jua. Tukamcheka. Kumbe miguu imevimba, viatu haviingii. Uso nao ukawa unavimba asubuhi. Akajikuna hadi mikono ikatoka alama, akalalamika kwamba mdomoni ana ladha ya sarafu. Riziki akaja kumchukua. Riziki ni msichana mpole mwenye nguvu, anafanya kazi kwenye duka la maziwa huko Kakiika, anapokea mitungi ya wafugaji tangu asubuhi. Alimpeleka babake hospitali kwa nguvu, akilia njia nzima, na majibu ndiyo hayo niliyoyataja.

Sasa fikiria Mbarara, na fikiria umekatazwa yafuatayo. Matoke, hapana. Maziwa, hapana, na binti yako anarudi ananukia maziwa. Maharage, hapana. Karanga, parachichi, ndizi mbivu, hapana. Sombe yetu, mboga ya majani ya muhogo, hapana. Ndagala, hapana kabisa. Chumvi, punje. Muuguzi alimweleza Riziki, naye akanieleza mimi: figo nzima inachukua potasiomu na fosforasi ya kutosha mwili na kutupa inayozidi, figo iliyoharibika haitupi, inazidi kujaa ndani ya damu, na potasiomu ikizidi ndiyo inayouvuruga moyo. Basi mboga inakatwa ndogo, inachemshwa kwenye maji mengi, na maji yale yanamwagwa. Bugali wa mahindi meupe unaruhusiwa, wali, kabeji iliyochemshwa hivyo, ute wa yai, nyama kidogo sana. Mwalimu alisikiliza yote hayo, Riziki anasema, ameshika mgongo wa kiti. Alielewa kila neno kuliko wote waliokuwemo. Alipofika nyumbani akasema hatakula chakula kilichooshwa roho.

Habari zikafika Nakivale zikiwa zimegeuzwa. Riziki anamunyima babake. Riziki anafanya kazi kwenye maziwa na babake hapati hata kikombe. Nilisikia hayo sokoni kutoka kwa watu ambao Mwalimu aliwaokolea watoto, nikawajibu vibaya, nikapoteza wateja wawili na sijutii. Lakini Riziki alikuwa ananipigia simu akilia. Anasema anapika kama alivyofundishwa, babake anakula nusu, hata robo, lakini akirudi hospitali vipimo vinapanda. Potasiomu inapanda. Daktari anamwuliza yeye, Riziki, "Unampa nini?" kama kwamba ndiye anayemdhuru. Binti anaogopa kulala, anaamka kusikiliza kama babake anapumua. Na mimi huku Kashojwa nageuza ndagala na sijui ninafanya nini.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kwa Hajji kuchukua mzigo, nikauacha kwake, nikapanda boda hadi Kakiika bila kumwambia mtu. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, ndani hamna mtu. Riziki yuko kazini. Mezani sahani imefunikwa, nikaifunua: bugali na kabeji, havijaguswa, vimepoa. Nikasikia sauti yake ng'ambo ya ua.

Jirani yao ni mama wa Kinyankole, mtu mzima, mtaa wote unamwita Kaaka, yaani bibi. Ana ng'ombe wawili na migomba nyuma. Mwalimu alikuwa barazani kwake na sahani ya matoke na mchuzi wa karanga mapajani, na kikombe cha maziwa pembeni. Na alikuwa amekaa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, nasema wazi. Amekaa kwenye kiti kwa uzito wake wote, uso umevimba, na miguu tu ndiyo iliyokuwa inatikisika yenyewe.

Aliponiona, mkono ulifunika sahani.

"Mama Neema! Umekuya siku gani?"

"Mwalimu, unakula nini?"

"Ni kidogo tu."

"Kidogo ya leo, ama kidogo ya kila siku?"

Kaaka akasimama, akanikaribisha kwa heshima, akanipa kigoda, lakini sauti yake ilikuwa na lawama.

"Nyabo, wewe ni ndugu yao? Vizuri umekuja. Huyu mzee analia njaa. Binti yake anapatia yeye kabeji, kabeji, kabeji! Na yeye anafanya kazi kwa maziwa! Mimi nasema hapana, kama mimi niko, mzee hawezi kufa njaa hapa. Kila siku napatia yeye kidogo. Nyinyi watu ya Congo mnafanyia wazee hivi?"

Hasira ilinipanda. Yule mama alikuwa anamuua kwa upendo, na alikuwa hajui, na mtu pekee aliyejua alikuwa ameshika uma. Maneno yalinijaa mdomoni. Ningeweza kuyamwaga yote pale. Lakini nilimtazama Mwalimu, naye anatazama kikombe, nikaona kwamba nikisema mimi, kesho atatafuta jirani mwingine, na Riziki ataendelea kusemwa.

"Mwambie wewe," nikamwambia.

Akaweka uma kwenye sahani.

"Nikimwambia," akasema polepole, "njo imekwisha. Hakuna fasi ingine."

"Najua."

"Hujui. Chakula chote kile haina utamu, Mama Neema. Nimekula hiyo kabeji mpaka nimechoka kuishi."

"Basi mwambie hivyo pia. Lakini Riziki anaitwa mwuaji na bantu, Mwalimu. Anaamka usiku kuangalia kama uko mzima. Juu ya nini husemi ukweli?"

Kaaka alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine. Mwalimu akaweka sahani chini sakafuni. Akaanza kwa kikohozi, kama zamani anapoanza somo, lakini sauti haikuwa ya somo.

"Kaaka. Binti yangu haninyimi. Mimi njo nilikudanganya. Figo zangu zimeharibika. Hii matoke yako iko na kitu, potasiomu, ni kitu muzuri, wewe kula, batoto wako bakule. Kwangu ikiingia haitoki. Mlango wa kutokea umevunjika. Ikijaa, moyo unasimama." Akagusa kikombe kwa kidole. "Na haya maziwa, na karanga, vinanilemea vilevile. Umenipa kwa upendo. Lakini vinaweza kuniua, na nilijua, na nilikula."

Kaaka aliweka mikono miwili mdomoni. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa na haya," akasema Mwalimu. "Na nilikuwa na hamu."

Yule mama aliinama. Aliokota sahani, akachukua kikombe, akaingia ndani, na tukamsikia akilia jikoni kwake. Mwalimu alitaka kuinuka amfuate, magoti yakakataa, nikamshika kwapa. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Tulirudi kupitia ua.

Nikapika upya. Nilikata kabeji nyembamba, nikaichemsha kwenye sufuria kubwa, nikatoa sufuria nje na kumwaga maji. Aligeuza uso ukutani. Nikakaanga kitunguu kidogo, nikakamua ndimu, nikapiga ute wa yai, nikasonga bugali laini. Gari langu la Nakivale linaondoka Mbarara alasiri, na jua lilikuwa limeshageuka. Niliweka sahani mbele yake, nikakaa upande wa pili, na sikumsihi. Nilikuwa nimechoka kumsihi mtu aliyenifundisha kila ninachokijua juu ya chakula.

Alikata tonge. Akalishika muda mrefu. Akalichovya, akatia mdomoni, uso ukakunjamana, akameza. Akakata jingine. Nilisikia simu yangu inalia, ni Hajji anauliza mzigo, sikuipokea. Mwalimu alikula polepole, hakusema ni chakula kibaya wala kizuri, mara moja tu aliacha kutafuna, akafumba macho, nikadhani ndiyo mwisho. Akaendelea. Alimaliza yote, akapitisha kidole kwenye sahani pale palipokuwa na ndimu.

Akainua uso akanitazama, macho mekundu.

"Na kesho?" akauliza.

Gari la mwisho la Nakivale halingoji mtu. Nilivua kitambaa cha kichwani, nikakiweka mezani, nikaanza kumwambia tutakula nini kesho.